Mzula wa rangi mbili unaovaliwa pande zote: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huja zaidi kuanzia Mei, baridi inapoanza kukaza Njombe, Makete, Mbeya, Lushoto, na kwa majirani zetu wa Limuru na Nyahururu, ambako mzula huitwa boshori. Nimeyapanga kwa kufuata kazi yenyewe, tangu kuchagua uzi hadi kuziba tundu. Kwenye maelezo nimetumia kijani na njano ili rangi zisichanganywe. Washabiki wa Simba wasinune.

Mzula huu una tofauti gani na ule wa kawaida wenye maua ya rangi mbili?

Mzula wa kawaida wa maua, wa aina iliyopata sifa kutoka visiwa vya Shetland huko Uskoti, una uso mmoja tu. Ukiugeuza ndani nje utaona nyuzi zimekatiza kwa ulalo: rangi isiyotumika huburutwa nyuma ya kazi mpaka zamu yake ifike. Nyuzi hizo hunasa hereni, hunasa vidole vya watoto, na haziwezi kuonyeshwa hadharani.

Mzula wa pande mbili una uso safi nje na uso safi ndani. Kuna njia mbili za kuufikia. Ya kwanza ni kufuma mfuko mrefu, nusu kijani na nusu njano, uliofungwa ncha zote mbili, kisha ncha moja inasukumwa ndani ya nyingine. Ya pili ni kufuma matabaka mawili kwa wakati mmoja kwenye sindano moja. Anayeanza ninampa ya kwanza bila kusita, na ndiyo nitakayoieleza kwa urefu. Ya pili ina jibu lake chini, kwa wanaotaka maua au maandishi.

Ni kweli una joto zaidi, au ni uzito tu?

Ni kweli. Kinachozuia baridi ni hewa iliyotulia kati ya matabaka. Uzi kazi yake ni kuishika hewa hiyo isitembee. Ukikunja ukingo kwenda juu, masikio yanapata matabaka manne. Upepo unaopenya mzula mmoja hupunguzwa nguvu na wa pili kabla haujafika kwenye ngozi.

Ila tusidanganyane kuhusu ile habari kwamba nusu ya joto la mwili hupotelea kichwani. Kichwa cha mtu mzima ni takriban sehemu moja ya kumi ya ngozi yote, na hupoteza joto kwa kadiri hiyohiyo. Tofauti ni kwamba mwili wote huwa umevikwa na kichwa kimeachwa wazi, na uso na masikio husikia baridi upesi. Waulize wagumu, wapagazi wa Kilimanjaro, wanaolala kambi ya Barafu kwenye mita 4,600 na zaidi. Huko mzula mwepesi wa mtumba hufanya kazi ya pambo.

Nitumie uzi gani?

Uzi ulio kwenye maduka mengi, Kariakoo au Biashara Street ya Nairobi, ni wa akriliki. Ni wa bei nafuu, una rangi nyingi, haupungui ukifuliwa, hukauka haraka. Ubaya wake ni kwamba hauvumilii moto: cheche ya jiko ikiuangukia, unayeyuka na kugandia kwenye ngozi. Anayepika kwa kuni au anayekaa karibu na moto wa kambi afikirie hilo kwanza.

Sufu ya kondoo haiyeyuki, huungua polepole na kuacha majivu. Inaweza pia kunyonya unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujausikia umelowa, jambo kubwa mahali pa ukungu na manyunyu. Nanyuki kuna akina mama wanaosokota sufu kwa mkono tangu miaka ya 1970. Uzi wa namna hiyo una joto zuri, ingawa mwingine huwasha. Kabla ya kununua, ufute shingoni chini ya sikio, si kiganjani. Kiganja kimezoea jembe na sufuria, hakikuambii kitu.

Mchanganyiko wa akriliki na sufu ni suluhisho la katikati, na mimi ndio ninaoupendelea kwa mizula ya watoto wa shule. Pamba usitumie. Pamba ikilowa inabaki imelowa, na mzula hulegea na kuning'inia.

Jambo moja muhimu: nyuzi zote mbili ziwe za unene mmoja, na ikiwezekana za aina moja. Ukichanganya sufu upande mmoja na akriliki upande mwingine, baada ya kufua mara chache tabaka moja litakuwa dogo kuliko jingine.

Uzi kiasi gani?

Kwa mtu mzima, uzi wa unene wa kati unaofumwa kwa sindano ya milimita 4, hesabu gramu 75 hivi kwa kila rangi. Nunua 100 za kila moja, kwa wakati mmoja, na uangalie namba ya rangi kwenye karatasi ya donge. Kijani cha mwezi huu na kijani cha mwezi ujao havilingani hata kama jina ni lilelile. Masalio yatafuma kofia ya mtoto.

Sindano je? Mimi nina mbili tu zile ndefu.

Inayofaa zaidi ni sindano ya mviringo, yaani ncha mbili zilizounganishwa kwa waya wa plastiki, milimita 4, urefu wa sentimita 40. Utahitaji pia sindano tano fupi zenye ncha pande zote kwa ajili ya utosi, maana vitanzi vikipungua waya unakuwa mrefu kupita kiasi.

Kama una mbili ndefu tu, usiache. Fuma bapa, kwenda na kurudi, ongeza vitanzi viwili vya kuliwa na mshono, kisha ushone ubavuni. Kwenye mzula wa tabaka moja mshono huo ungeonekana. Hapa unajificha katikati ya matabaka mawili, na hakuna atakayejua.

Spoku za baiskeli zimefuma mengi katika vijiji vyetu, na sizibezi, lakini unene wake ni kama milimita 2. Kwa uzi wa unene wa kati utapata kitu kigumu kisichonyooka. Kijiti cha mwanzi kilichopigwa msasa vizuri na kupakwa nta ya mshumaa ni bora zaidi.

Nijuaje vitanzi vingapi?

Fuma kwanza kipande cha sampuli cha kama sentimita 15 kwa 15, kifue, kikauke, ndipo uhesabu vitanzi ndani ya sentimita 10 za katikati. Najua watu huruka hatua hii. Wakiiruka, mzula wa baba unamtosha mtoto wa darasa la pili.

Kisha pima kichwa, kamba ikipita juu kidogo ya nyusi na juu ya masikio, na utoe sehemu moja ya kumi, kwa sababu mzula unatakiwa unyooke kidogo ndipo ushike. Mtu mzima wa kawaida ana sentimita 56 hivi. Tunafuma 50 au 51. Kwa vitanzi 22 katika sentimita 10, hiyo ni vitanzi 112. Tunataka idadi inayogawanyika kwa 8 ili utosi ukae sawa. Kichwa kikubwa cha sentimita 60 kitachukua 120, kidogo cha 54 kitachukua 104, mtoto wa miaka minne au mitano 96, na wa mwaka mmoja 88. Kama mkono wako unakaza au unalegeza kuliko wangu, usinakili namba hizi. Fuata sampuli yako.

Nielekeze basi, tangu mwanzo hadi mwisho.

Tunaanzia katikati ya mfuko, mahali ambapo kijani na njano vitakutana, halafu tunafuma kijani kuelekea utosi wa kwanza na njano kuelekea wa pili.

Chukua uzi chakavu wa rangi ya tatu, laini, usioacha manyoya. Anzisha vitanzi 112, hakikisha havijajipinda kwenye sindano, unganisha mduara na uweke alama ya mwanzo wa raundi; kipande cha uzi kilichofungwa kitanzi kinatosha. Fuma raundi mbili tatu za uzi huo. Hizo ni za muda, tutazitoa.

Shika kijani. Fuma raundi baada ya raundi, vitanzi vya mbele vyote, yaani vile vinavyoacha umbo la herufi V upande unaokutazama. Endelea hadi kijani kifike sentimita 19. Hiyo ni kwa mzula wenye ukingo wa kukunja. Kwa usiokunjwa, 13 zinatosha.

Sasa utosi. Raundi ya kwanza: fuma vitanzi 12, fuma viwili kwa pamoja, rudia hivyo mara 8. Vimebaki 104. Raundi inayofuata fuma bila kupunguza. Ya tatu: 11, kisha viwili kwa pamoja. Ya nne bila kupunguza. Endelea kupunguza raundi moja na kupumzika moja, kila mara kitanzi kimoja pungufu kabla ya vile viwili, na uhamie kwenye sindano fupi mduara ukibana. Baada ya raundi 26 hivi unabaki na vitanzi 8. Kata uzi, upitishe kwa sindano ya kushonea ndani ya vyote 8 mara mbili, vuta, na uzamishe ncha upande wa ndani.

Rudi kwenye uzi chakavu. Kabla hujaukata, chomeka sindano nyembamba kwenye mguu wa kulia wa kila kitanzi cha raundi ya kwanza ya kijani. Hesabu: 112. Sasa kata uzi chakavu taratibu na uutoe. Watu huogopa hapa, na hakuna sababu. Vitanzi vyote viko sindanoni tayari.

Shika njano, fuma sentimita zilezile 19, kisha utosi uleule. Ila kabla utosi wa pili haujafunga, ingiza mkono ndani na ufiche ncha zote za uzi, hasa zile za katikati ambako rangi zinakutana. Ukishafunga hakuna mlango.

Mkononi utakuwa na kitu kirefu cha sentimita 54 hivi, kilichofungwa huku na huku. Sukuma ncha ya njano ndani ya kijani, kama unavyoingiza soksi ndani ya mwenzake. Shika tosi mbili kwa mishono miwili midogo ili tabaka la ndani lisizunguke. Kunja ukingo juu: mzula ni wa kijani na ukingo ni wa njano. Ukiugeuza, mambo ni kinyume.

Kwa nini nisianzie utosini?

Unaweza, na wengi hufanya hivyo: vitanzi 8, kisha kuongeza 8 kila raundi ya pili. Faida yake ni kwamba hutoi uzi chakavu popote. Lakini vitanzi 8 kwenye sindano nne za kuteleza ni mtihani kwa mtu ambaye bado anajifunza, na wengi hukata tamaa hapo kabla hawajaona mzula. Tena, ukianzia katikati unaweza kuuvaa kichwani kazi ikiendelea na kuona kina kabla hujaanza kupunguza.

Swali jingine linalokwenda na hili: je, tabaka la ndani lifumwe dogo kidogo? Kwenye mizula yenye bitana ya kudumu, ndiyo. Hapa hapana. La ndani leo ndilo la nje kesho.

Mkunjo wangu ni mviringo, sipendi. Nataka ukingo uliosimama.

Fuma raundi moja ya vitanzi vya nyuma, yaani vile vinavyoacha nundu badala ya V upande unaokutazama, pale rangi zinapokutana, itaukata mkunjo sawasawa. Lakini usiifanye kwenye raundi ya kwanza kabisa ya njano, kwa sababu vitone vya kijani vitachungulia. Fuma raundi moja ya kawaida ya njano kwanza, kisha ya vitanzi vya nyuma.

Wanaotaka ukingo unaobana wafume mbavu, mbele viwili nyuma viwili, kwa sentimita 6 kila upande wa katikati. Idadi ya 112 inagawanyika kwa 4, kwa hiyo inakubali. Ujue tu kwamba ukifuma kwa kuanzia katikati, mbavu za njano zitahama nusu ya kitanzi kutoka kwenye za kijani. Hilo linatokana na vitanzi kuokotwa kwa mwelekeo wa kinyume. Liko kwenye mkunjo, haliharibu kitu.

Nataka maua yaonekane pande zote, rangi zikiwa zimebadilishana. Inawezekana?

Hapo ndipo njia ya pili inapokuja. Kila kitanzi sasa ni jozi: kimoja cha mbele cha kijani kwa ajili ya uso unaokutazama, na kimoja cha nyuma cha njano kwa ajili ya uso wa upande wa pili. Unapofuma cha mbele, nyuzi zote mbili ziwe nyuma ya sindano. Unapofuma cha nyuma, zote mbili ziletwe mbele. Zote mbili, kila mara, hata ile ambayo haifumi. Ukisahau moja, utaona mstari mdogo umekatiza usoni, au matabaka yameshikana yasipotakiwa.

Ili kupata ua, unabadilisha rangi ndani ya jozi: mbele njano, nyuma kijani. Mahali rangi zinapobadilishana ndipo matabaka yanapofungana. Kwingine kote yameachana na hewa ipo katikati. Kwa hiyo mchoro uliotawanyika vizuri unatoa mzula unaotulia kuliko ua moja kubwa mbele.

Mchoro unachorwa kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja jozi moja. Vitanzi vya njia hii hulegea, kwa hiyo shuka saizi moja ya sindano, milimita 3.5 badala ya 4, na ufume sampuli nyingine. Donge moja likae kulia kwako, jingine kushoto, la sivyo nusu ya jioni itaishia kwenye kufungua mafundo.

Umbo la korosho la kwenye kanga linapendeza sana, kwani likigeuka upande wa pili linabaki korosho. Maandishi ndiyo yenye mtego. Upande wa pili husomeka kinyume, kama kwenye kioo, kwa hiyo jina la mtoto litasomeka upande mmoja tu. Herufi zisizoharibika ni A, H, I, M, O, T, U, V, W na Y, ila mpangilio wake bado unageuka. Neno linaloshinda mtego huu ni MAMA, likiandikwa kuzunguka mzula mzima bila nafasi. Lisome kutoka upande wowote, halina mwanzo wala mwisho.

Nachaguaje rangi zinazoendana?

Piga picha madonge mawili kwa simu, kisha uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Kama yote mawili yanatoa kijivu kilekile, maua hayataonekana hata kama mojawapo ni nyekundu na jingine kijani. Kwa mzula wa mfuko, usio na maua, chagua unachopenda.

Nyekundu na nyeupe hazitachafuana?

Zinaweza. Lowesha kipande cha uzi mwekundu, kifungie kwenye kitambaa cheupe, kibane, na ukiache kikauke. Kitambaa kikipata wekundu, fua donge zima peke yake hadi maji yatoke meupe, au tafuta uzi mwingine. Fanya hivyo kabla ya kufuma.

Nina rasta. Na dada yangu anavaa ushungi.

Kwa rasta, pima kichwa na nywele zikiwa zimefungwa vile unavyozifunga, ongeza sentimita 5 hadi 8 za kina kabla ya utosi, na upunguze taratibu zaidi. Kwa nywele za asili zisizofungwa, sufu na akriliki hunyonya mafuta na kukata ncha. Vaa kitambaa cha satini chini. Usikishonee ndani, kwa maana ukishashona bitana, mzula si wa pande mbili tena.

Juu ya ushungi mzula unavalika vizuri. Pima juu ya ushungi wenyewe, na acha mbavu, mbavu huuvuta.

Naweza kumfumia mtoto mchanga?

Mfumie, lakini wa tabaka moja na uzi laini. Vichwa vya wachanga huwa karibu sentimita 35, na matabaka mawili ni mengi kwao ndani ya nyumba. Mvalishe mnapotoka nje kwenye baridi, mvue anapolala. Shingo ikitoa jasho, ana joto kupita kiasi. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, fuata maelekezo ya wauguzi. Vifundo vya nyuzi na vishada viache kwa sasa, watoto huvitia mdomoni.

Unafuliwaje?

Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, bonyeza bila kusugua. Sufu ikikutana na maji ya moto na kusuguliwa hujishika na kuwa nzito kama blanketi, na hairudi. Usiuning'inize ukiwa umelowa. Ukamue ndani ya taulo, uulaze bapa kivulini, na katikati ya kukauka uugeuze ili tabaka la ndani nalo lipate hewa. Matabaka mawili hukauka polepole, na wakati wa ukungu usishangae ukichukua siku mbili.

Nikiuza niweke bei gani?

Anza na gharama ya uzi wa rangi zote mbili, ongeza malipo ya saa zako kwa kiwango ambacho ungekubali kulipwa kwa kibarua kingine, ndipo uangalie soko. Kwa wengi hesabu hiyo inatoka juu kuliko mzula wa mtumba. Usijaribu kushindana na mtumba. Mpe mteja aushike, aingize vidole katikati ya matabaka, augeuze mwenyewe. Wanaonunua kazi hii ni wanaoamka saa kumi alfajiri: madereva wa bodaboda, walinzi, wauza maziwa. Wao wanajua wanachonunua.

Kitanzi kimekatika na tundu linakua. Nifanye nini?

Likamate kwanza: pitisha uzi wowote ndani ya vitanzi vilivyo wazi ili visishuke zaidi. Geuza mzula tundu liwe juu, ingiza kijiko kati ya matabaka kupitia tundu hilohilo ili usishone tabaka la pili kwa bahati mbaya, kisha fuata njia ya kila V kwa uzi wa rangi ileile kutoka kwenye masalio. Kama masalio yameisha, tumia rangi ya upande wa pili. Itaonekana kama ua dogo, na uliokusudia au hukukusudia ni siri yako.